Uzito wa Mtoto: Hesabu ya Sahani na Uwanja

Mwaka 1975 vikundi vya wasikilizaji wa redio vilikusanyika katika vijiji vya Tanzania kufuatilia mafunzo ya kampeni iliyoitwa "Chakula ni Uhai". Miaka miwili kabla yake, yaani mwaka 1973, ilikuwa imeundwa kwa sheria Taasisi ya Chakula na Lishe. Katika siku hizo adui aliyekusudiwa kupigwa vita alijulikana na kila mtu: upungufu wa chakula, hasa kwa mtoto mdogo. Adui huyo amerudi nyuma, lakini hajashindwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1991 hadi 1992 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kiasi hicho kimeshuka hadi asilimia 30.

Hata hivyo, nyumba inapokarabatiwa ukuta mmoja, yafaa kuutazama na ukuta wa pili. Uchunguzi huo huo wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto wanne katika kila mia moja wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa na uzito uliozidi. Katika miji mikubwa, na kwa watoto wenye umri wa kwenda shule, hali huwa nzito zaidi. Utafiti wa kimataifa uliofanywa kati ya mwaka 2011 na 2013 katika nchi kumi na mbili uliihusisha Nairobi, na huko takriban mtoto mmoja kati ya watano wenye umri wa miaka 9 hadi 11 alikutwa na uzito uliozidi. Mwezi Septemba 2025, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto lilitangaza kuwa, kwa mara ya kwanza, watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 19 wenye unene wa kupindukia duniani (asilimia 9.4) wamewazidi wale wenye uzito pungufu (asilimia 9.2). Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini bado hazijafikia badiliko hilo.

Neno "bado" ndilo lenye uzito hapa. Mataifa mengi yalilitambua tatizo hili baada ya kukomaa. Shule za Afrika Mashariki zinayo nafasi ya kulizuia kabla halijaenea, mradi walimu na wanafunzi waielewe sayansi yake na wasiridhike na dhana tu.

Unene na afya

Katika jamii nyingi za Kiafrika unene wa mtoto umekuwa ukipokewa kama dalili ya neema na malezi mema. Fikira hiyo ilikuwa na sababu yake. Mahali ambapo surua, malaria na njaa vilikuwa vikiwachukua watoto mwaka hadi mwaka, mtoto mwenye akiba ya mafuta mwilini alikuwa na kinga fulani. Lakini akiba inapopita kiasi hugeuka kuwa mzigo. Mafuta yaliyolundikana tumboni na katika ini huufanya mwili usiitikie sawasawa insulini, homoni inayoruhusu sukari ya damu kuingia katika seli. Matokeo yake ni kwamba kisukari cha aina ya pili, ambacho zamani kilihesabiwa kuwa ugonjwa wa watu wazima, sasa huonekana hata kwa vijana. Shinikizo la juu la damu, maumivu ya magoti na kukoroma kunakokatiza usingizi ni miongoni mwa madhara mengine. Aidha, mtoto aliyenenepa kupita kiasi aghalabu hubaki na hali hiyo anapokuwa mtu mzima.

Yafaa ieleweke pia kwamba kudumaa na kunenepa si vinyume. Mtoto mmoja aweza kuwa mfupi kwa sababu alikosa chakula bora utotoni, na hapo hapo akawa na mafuta mengi kwa sababu leo analishwa chakula chenye nishati tele lakini kisicho na madini wala vitamini za kutosha. Kwa hiyo mwenye kutazama kwa jicho tu hawezi kujua. Lazima apime.

Mtoto si mtu mzima mdogo

Kipimo kinachotumika sana ni uwiano wa uzito na kimo. Msingi wake uliwekwa na mwanatakwimu wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet, mnamo miaka ya 1830. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa kipeo cha pili cha kimo kwa mita. Mtu mzima huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi anapofikia 25, na unene wa kupindukia anapofikia 30.

Kwa mtoto, mipaka hiyo haifai. Na uchukuliwe mfano wa wasichana wawili. Wa kwanza ana umri wa miaka 12, kimo mita 1.50 na uzito kilo 45. Kipeo cha pili cha 1.50 ni 2.25, kilo 45 zikigawanywa kwa 2.25, jibu ni 20. Wa pili ana umri wa miaka 7, kimo mita 1.20 na uzito kilo 28.8. Kipeo cha pili cha 1.20 ni 1.44, na jibu lake pia ni 20. Namba ni moja, lakini maana ni mbili. Kwa mujibu wa jedwali la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2007, uzito uliozidi kwa msichana wa miaka 12 huanzia 20.8, kwa hiyo yule wa kwanza yuko salama. Kwa msichana wa miaka 7, uzito uliozidi huanzia 17.3 na unene wa kupindukia huanzia 19.8. Yule mdogo, ambaye jirani wangemsifu kwa kunawiri, ameshauvuka mpaka wa pili.

Sababu ya tofauti hiyo ni ukuaji wenyewe. Mtoto mchanga huwa na mafuta mengi. Hupungua anapoanza kutembea na kukimbia, kisha uwiano huo huanza kupanda tena kuelekea balehe. Swali linaloweza kuulizwa ni kama majedwali hayo yanawahusu watoto wa Afrika. Viwango vya watoto wa chini ya miaka mitano, vilivyotolewa mwaka 2006, vilitokana na watoto waliopimwa katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Watoto hao walichaguliwa miongoni mwa waliolelewa katika mazingira ya afya na waliopata maziwa ya mama. Ilionekana kuwa urefu wa wale wa Accra, Muscat na Oslo haukutofautiana sana. Mtoto anapotunzwa vema, hukua karibu sawa na mwenzake wa nchi nyingine.

Hesabu ya nishati

Mwili hauna uwezo wa kuumba nishati wala kuiangamiza. Nishati inayoingia kwa njia ya chakula hutumika, au huwekwa akiba. Mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani Wilbur Atwater alipima nishati ya vyakula na ile inayotumiwa na mwili wa mtu aliyekaa ndani ya chumba maalumu. Kutokana na kazi yake hadi leo hukadiriwa kuwa gramu moja ya wanga au ya protini humpa mtu kilokalori 4, na gramu moja ya mafuta kilokalori 9.

Mtoto wa miaka kumi huhitaji takriban kilokalori 2,000 kwa siku, pengine chini au juu kidogo ya hapo kulingana na mwili wake na shughuli zake. Sehemu kubwa ya nishati hiyo hutumika hata akiwa amelala: moyo hupiga, ubongo hufanya kazi, joto la mwili hulindwa. Sehemu nyingine hutumika kwa mwendo na michezo. Kinachotumika kwa kuukuza mwili wenyewe katika umri huo ni kidogo sana, pengine asilimia mbili tu. Kwa hiyo usemi kwamba mtoto anakua, basi ale chochote na kwa kiasi chochote, hauna msingi wa kisayansi.

Soda ya mililita 300 huwa na sukari takriban gramu 30, yaani vijiko vya chai saba hadi vinane. Gramu hizo ni kilokalori 120. Mtoto mwenye uzito wa kilo 30 angepaswa kutembea karibu saa moja au zaidi ili kuzitumia. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya takriban kilokalori 7,700. Ikiwa mtoto atazidisha kilokalori 120 kila siku kwa mwaka mzima, ziada yake ni kilokalori 43,800, ambazo kwa hesabu tupu ni zaidi ya kilo tano na nusu za mafuta. Katika hali halisi ongezeko huwa dogo kuliko hilo, kwani mwili unavyozidi kuwa mzito ndivyo unavyotumia nishati zaidi, na hamu ya chakula nayo hujirekebisha kwa kiasi fulani. Hata hivyo mwelekeo ni ule ule: haba na haba hujaza kibaba.

Fundisho kutoka bonde la Eyasi

Wengi hudhani kuwa mtoto aweza kula atakavyo mradi akimbie vya kutosha. Dhana hiyo ilipimwa nchini Tanzania. Mwaka 2012 mtaalamu wa anthropolojia Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya Wahadzabe, wawindaji na wachumaji wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi. Wanaume walikuwa wakitembea wastani wa kilomita 11 kwa siku, na wanawake karibu kilomita 6. Nishati iliyotumika ilipimwa kwa kuwanywesha maji yaliyotiwa aina nzito za atomi za haidrojeni na oksijeni, ambazo hazina madhara, kisha mikojo yao ikachunguzwa ili kujua hewa ya kaboni waliyoitoa. Matokeo yaliwashangaza wengi. Baada ya tofauti za ukubwa wa miili kuzingatiwa, Wahadzabe walitumia kwa siku nishati inayokaribiana sana na ile ya watu wazima wa Marekani na Ulaya ambao kazi zao nyingi ni za kukaa.

Mwaka 2019 matokeo yanayofanana na hayo yalitangazwa kuhusu watoto wa Washuar wa misitu ya Ekwado. Watoto hao walijishughulisha zaidi ya wenzao wa Marekani na Uingereza, lakini jumla ya nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana sana. Inaonekana kuwa mwili, unapotumia nishati nyingi kwa jambo moja, hubana matumizi katika jambo jingine.

Haifai kuhitimisha kuwa michezo haina faida. La hasha! Mazoezi huimarisha moyo, mapafu, mifupa na misuli, husaidia insulini kufanya kazi yake, huleta usingizi mzuri na huchangamsha akili. Yapo pia mazoezi ambayo hupunguza mafuta hata kama uzito haukushuka. Hitimisho sahihi ni kwamba uwanja hauwezi kulipa deni lote la sahani. Vyote viwili vinahitajika, na kila kimoja kina kazi yake.

Sahani

Chakula cha asili cha Waafrika Mashariki kina hazina ambayo haina budi kutunzwa. Ugali kwa maharage na mchicha, wali kwa dagaa na kisamvu, ndizi, viazi vitamu, maziwa mtindi, machungwa na maembe ni vyakula vyenye nyuzinyuzi, protini na vitamini. Nyuzinyuzi hulijaza tumbo na kuchelewesha njaa, na protini hushibisha kwa muda mrefu. Kasoro inayoonekana mara nyingi ni ya vipimo: mlima wa ugali ukiwa na kijiko cha mboga pembeni. Nusu ya sahani ingefaa kuwa mboga za majani na matunda, robo ya wanga, na robo ya maharage, samaki, mayai au nyama.

Namna ya kupika nayo ina hesabu yake. Gramu 100 za viazi mviringo vilivyochemshwa zina kilokalori zisizofika 90. Viazi hivyo vikikaangwa kuwa chipsi, maji hutoka, mafuta huingia, na gramu 100 huwa na takriban kilokalori 300. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni kilokalori 120, sawa na ile soda. Mpishi anayepima mafuta kwa kijiko badala ya kuyamimina moja kwa moja kutoka chupani ameshafanya kazi kubwa, na hakuna atakayeuona upungufu huo mezani.

Vyakula vya viwandani vilivyosindikwa sana, kama biskuti, bisi za pakiti na vinywaji vyenye sukari, vina hatari ya pekee. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake nchini Marekani walitangaza jaribio la watu wazima 20 waliokaa hospitalini mwezi mmoja. Kwa wiki mbili walipewa vyakula vya aina hiyo, na kwa wiki mbili vyakula vya kawaida visivyosindikwa sana. Milo yote miwili iliandaliwa iwe na sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi kwa viwango vinavyolingana, na kila mtu aliruhusiwa kula hadi atosheke. Walipokula vyakula vilivyosindikwa sana, walizidisha karibu kilokalori 500 kwa siku bila kukusudia, na uzito wao ukaongezeka. Ikiwa mtu mzima hulaghaiwa hivyo na mdomo wake, mtoto mwenye shilingi mia tano mbele ya duka la shule hawezi kulaumiwa peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari iliyoongezwa isifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto wa kilokalori 2,000 mpaka huo ni gramu 50, na soda moja huchukua zaidi ya nusu yake. Maji safi hayana kilokalori hata moja.

Uwanja na kitanda

Ushauri wa Shirika la Afya Duniani kwa watoto wa miaka 5 hadi 17 ni mazoezi ya kutosha kuharakisha pumzi, kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Dakika hizo hazihitaji viatu vya bei wala vyombo kutoka ng'ambo. Kuruka kamba, rede, kombolela, mpira wa chandimu, kuchota maji, kulima bustani ya shule na kutembea kwenda shule vyote huhesabiwa. Kikwazo kikubwa mijini ni nafasi: viwanja vimejengwa nyumba, barabara zina hatari, na mchana wa mtoto umejaa masomo ya ziada na televisheni. Kipindi cha elimu ya michezo kinapogeuzwa kuwa kipindi cha marudio ya mtihani, shule huwa imechukua kutoka kwa watoto kitu ambacho wengi wao hawatakipata kwingine. Aidha, michezo isiwe ya wachezaji hodari tu wanaoandaliwa kwa mashindano ya UMISSETA. Mwanafunzi mzito na mwenye aibu ndiye anayehitaji zaidi kupewa nafasi timuni.

Usingizi nao ni sehemu ya hesabu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za kulala, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Usingizi unapopungua, njaa huongezeka, hasa hamu ya vitu vitamu, na mwili huwa mchovu kwa michezo ya kesho yake.

Kumsaidia bila kumwaibisha

Jambo la mwisho ndilo linaloharibiwa mara nyingi zaidi. Mtoto mwenye uzito uliozidi hatakiwi kunyimwa chakula, wala kupewa dawa za kukondesha. Kumshindisha njaa mtoto anayekua ni kumnyima vifaa vya kujengea mifupa na ubongo. Mara nyingi inatosha uzito wake usiongezeke haraka, ili kimo kiufikie.

Mvulana wa miaka 10 mwenye kimo cha mita 1.40 na uzito wa kilo 40 ana uwiano wa 20.4, na mpaka wa uzito uliozidi kwa umri wake ni 18.5. Baada ya miaka miwili, akifika mita 1.50 na kilo 43, uwiano wake utakuwa 19.1, wakati mpaka wa umri wa miaka 12 ni 19.9. Ameongezeka kilo tatu, na ameingia katika afya. Yule ambaye unene wake umepindukia sana, au anayekunywa maji na kukojoa kupita kawaida, apelekwe kwa mganga bila kukawia.

Majina ya dhihaka kama "kibonge" na "tipwatipwa" hayajampunguza mtoto yeyote uzito. Humfanya ajifiche, ale kwa siri na aukimbie uwanja. Badiliko lenye mafanikio ni la nyumba nzima: wote wanywe maji mezani, wote wale mboga, wote watembee. Mtoto hataelewa kwa nini yeye peke yake azuiwe kile ambacho baba anakula mbele yake.

Zoezi kwa darasa

Wanafunzi wa kidato cha pili na kuendelea waweza kuipima nishati ya chakula wenyewe. Karanga kavu ipimwe uzito, ichomwe ncha ya sindano ndefu, iwashwe, kisha ishikiliwe chini ya kopo lenye mililita 100 za maji huku kipimajoto kikisomwa kabla na baada. Kilokalori moja hupandisha joto la kilo moja ya maji kwa digrii moja ya Selsiasi. Gramu moja ya karanga ina takriban kilokalori 5.7, kwa hiyo ingepaswa kuyapandisha maji hayo kwa digrii 57. Darasa litapata kiasi pungufu sana. Wanafunzi waeleze joto lililobaki limekwenda wapi, na wapendekeze namna ya kulizuia lisipotee. Mwalimu asimamie moto, na mwanafunzi mwenye mzio wa karanga asishiriki.

Zoezi la pili ni la siku saba. Kila mwanafunzi aandike, bila kutaja jina lake, vinywaji alivyokunywa na dakika alizocheza. Darasa lijumlishe, lichore grafu, kisha lipeleke matokeo kwa mkuu wa shule pamoja na swali moja: je, mwanafunzi anaweza kupata maji safi ya kunywa shuleni kwa urahisi ule ule anaopata soda? Pale ambapo jibu ni hapana, kazi ya kwanza ya shule hiyo imeshajulikana.